Vijana Wetu Wanaugua, Wanauziwa Majini

 

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tuliseme hadharani jambo ambalo misikitini husemwa kwa minong'ono. Vijana wetu, wa kiume na wa kike, walio baina ya kubaleghe na kumaliza sekondari, wanaugua. Hawaugui malaria wala tumbo. Wanaugua akili na nafsi. Binti aliyekuwa akihifadhi juzuu kwa wepesi, ghafla hawezi kushika aya mbili. Usiku halali, chakula hakitaki, wenzake anawakimbia. Kijana aliyekuwa hakosi safu ya mbele katika sala ya Alfajiri amejifungia chumbani siku ya tatu, na akiulizwa hujibu kwamba hana kitu. Jirani husema anaringa. Mwalimu husema mvivu. Baba husema anavuta bangi. Kisha siku atakapoanza kuzungumza peke yake au kuanguka, wote hao waliokuwa wakihitilafiana huafikiana kwa kauli moja: ana jini.

Na hapo ndipo biashara inapoanza.

Soko la majini

Tuseme mapema, asije mtu akatusingizia, kwamba kuwepo kwa majini ni katika itikadi ya Kiislamu, na ndani ya Qur'ani imo sura yenye jina lao. Kumsomea mgonjwa ni katika Sunna, na hakuna mwana wa Kiislamu anayeugua ambaye hastahiki kusomewa. Hatuna ugomvi na hayo. Ugomvi wetu ni na yule aliyefungua chumba uchochoroni, akaning'iniza bango lenye maneno ya Kiarabu asiyoyaelewa sawasawa, akaanza kuwaita wazazi waliochanganyikiwa. Kwanza huuliza jina la mgonjwa na jina la mama yake. Kwa nini jina la mama? Mtume (s.a.w.) alimuuliza nani jina la mama yake kabla ya kumwombea? Kisha hesabu hupigwa, na ugonjwa hutajwa: kwa msichana ni jini mahaba, kwa mvulana ni subiani, kwa wote wawili ni la ukoo, na la ukoo huwa ghali zaidi. Yatafuata makombe, mafusho, hirizi ya kiunoni, na mbuzi wa rangi ambayo ni taabu kuipata mnadani. Mgonjwa akipata nafuu, sifa ni za fundi. Akizidi, ama jini ni sugu na pesa ziongezwe, ama wazazi wamevunja mwiko.

Wapo watakaotuletea hadithi ya Masahaba waliomsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapewa kundi la kondoo, na Mtume (s.a.w.) akawaafiki. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi tunaikubali. Lakini isomwe yote. Walikuwa wasafiri walionyimwa hata ukarimu wa chakula na watu wale. Maradhi yalikuwa yakijulikana sababu yake, hakuna aliyepiga ramli. Walisoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu peke yake, na malipo waliyapokea baada ya mgonjwa kusimama na kutembea. Ni mafundi wangapi wa leo watakaokubali sharti hilo la mwisho? Tunawaalika wajaribu. Wasome kwanza, na walipwe kijana akishapona.

Pesa ni hasara nyepesi. Hasara nzito ni wakati. Matabibu wa maradhi ya akili wanajua kwamba kijana anayeanza kusikia sauti zisizokuwepo, akipata matibabu mapema, hali yake ya baadaye huwa bora kuliko ya yule aliyecheleweshwa. Mwaka mzima wa kuzungushwa kutoka fundi mmoja hadi mwingine ni mwaka ulioporwa katika umri wake. Kibaya zaidi ni wale wanaowaamuru wagonjwa waache vidonge vya hospitali ati vinaligombanisha jini na kisomo. Mtazame mgonjwa wa kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa inavyopasa. Wengi katika hao ni watoto na vijana. Kumwachisha dawa kijana wa namna hiyo ni kumsukuma motoni na kisimani, mahali ambapo wenye kifafa wengi wa vijijini hupatia majeraha na mauti.

Halafu kuna kupigwa. Hili tunaliandika kwa uchungu. Kijana hufungwa kamba au mnyororo, akachapwa bakora, na akilia huambiwa kwamba anayelia si yeye, ni jini. Mwezi Oktoba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Wala si Waislamu peke yao, kwani zipo pia kambi za maombi za Wakristo zenye mtindo huo huo. Hilo halitupunguzii chochote. Kosa la jirani halijawahi kuwa udhuru wa mtu mbele ya Mola wake. Nani aliyewapa watu hawa ruhusa ya kuwapiga? Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba huanguka na nguo zikamfunuka. Mtume alimpa hiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua subira, akaomba tu asiwe anafunuka, naye akaombewa hilo. Maulamaa wamehitilafiana kama kuanguka kwake kulikuwa kwa maradhi au kwa jini. Hawakuhitilafiana kwamba hakupigwa, hakufungwa, na heshima yake ilihifadhiwa. Basi hata kama ni jini, fimbo hiyo mmeitoa wapi?

Jini mwenye jina na kitambulisho

Tunaendelea mbele kidogo, na hapa baadhi ya wasomaji watakasirika. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Miongoni mwa wasichana wa miaka 13 hadi 24 wa Tanzania Bara, karibu 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 katika kila 7. Hizi ni habari za majumbani mwetu, za njia ya kwenda shule na, tuseme yote, za baadhi ya vyuo vya Qur'ani.

Sasa fikirini. Binti wa miaka 14 anashtuka usingizini, anapiga kelele, hataki kuguswa, anazimia. Anapelekwa uchochoroni, na fundi anatangaza jini mahaba. Familia nzima inashusha pumzi, kwa sababu jini hana ndugu wa kutetewa wala sifa ya kuharibiwa. Lakini yawezekana huyo "jini" ana jina na kitambulisho, anakula sahani moja na familia hiyo, na Ijumaa husali nyuma ya imamu wetu. Kisomo cha kumtoa jini ndicho kilichomfichia uovu wake. Ni mara ngapi hilo limetokea, Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi. Tunalojua ni kwamba anayetangaza jini kabla ya kumuuliza mtoto, tena peke yake na kwa upole, jambo gani limemfika, amelifunga shauri kabla ya kulisikiliza.

Si kila anayeugua amedhulumiwa, na yapo maradhi ya akili yanayoanza bila dhulma wala tukio lolote. Lakini hata penye sababu, sababu hizo hazihitaji mizimu. Kwa mfano, wasichana wa mabweni wakianza kuanguka mmoja baada ya mwingine, wakuu wa shule huita masheikh na wachungaji kwa pamoja, na shule hufungwa kwa hofu ya mapepo. Jambo hili si geni katika nchi hii. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Katika wanafunzi 159, walioshikwa na hali hiyo walikuwa 95, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari walipima, hawakuona sumu wala vijidudu, wala hapakuwa na aliyekufa. Walioshikwa walikuwa wasichana wa rika la balehe waliowekwa mbali na kwao, chini ya nidhamu kali na matarajio makubwa. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa kukisema.

Ndivyo ilivyo hata leo. Kijana ameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba nyumba nzima inamtegemea yeye. Ameuziwa shamba la babu ili asome. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka, hayapendezi, na jioni ile ile mtaa mzima unayajua. Tunawauliza wazazi: mlimwambia nini usiku huo?

"Muislamu wa kweli hasononeki"

Kauli hii tumeisikia mimbarini si mara moja. Khatibu husimama akasema kwamba sonona ni maradhi ya wasiosali, na kwamba mwenye imani hapatwi na huzuni ila kidogo. Kijana aliyekaa nyuma, ambaye wiki ya pili sasa anajilazimisha kufika msikitini kwa mabaki ya nguvu zake, huondoka akiwa na maradhi mawili: lile alilokuja nalo, na hofu kwamba Mola wake amemkataa.

Kauli hiyo haina msingi. Nabii Ya'qub (a.s.), mtoto wa Nabii na mjukuu wa Nabii, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'ani haikumtaja kwa upungufu wa imani. Bibi Maryam (a.s.), katika uchungu wa uzazi na hofu ya maneno ya watu, alitamani laiti angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Akajibiwa kwa kuliwazwa, akapewa maji na tende, bila kukemewa. Mama yake Musa moyo wake ulibaki mtupu. Na Mtume wetu (s.a.w.), mwaka aliofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, alihuzunika huzuni ambayo wanahistoria wameupa mwaka huo jina lake, Mwaka wa Huzuni. Khatibu huyo atawaambia nini watu hawa? Waongeze sala?

Tumtaje na Imamu Ghazali, kwa kuwa wengi wanaotoa kauli hiyo ndio wanaomnukuu sana. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa wa Nidhamiyya ya Baghdad, alipatwa na msukosuko wa nafsi uliodumu karibu miezi sita. Ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, na chakula kikawa hakishuki. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyasimulia katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal, bila haya. Matabibu walimpima wakasema maradhi yameanzia moyoni yakashukia mwilini, na kwamba hayatibiki mpaka moyo upumzishwe na kinachoutaabisha. Hapakuwa na aliyemwambia Hoja ya Uislamu kwamba ana subiani.

Tulivyovianza wenyewe tukaviacha

Hoja ya pili wanayoikimbilia ni kwamba haya mambo ya afya ya akili na ushauri nasaha ni ya Wazungu, yameletwa na wafadhili ili kuwaharibu vijana. Anayesema hivyo haijui historia ya umma wake. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya miili na nafsi, na nafsi akazipa sehemu yake peke yake. Humo alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili pekee. Akaigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama msiba au hasara, na isiyo na sababu inayoonekana, ambayo asili yake aliihusisha na mwili wenyewe na akataka itibiwe kwa dawa za mwili. Wagonjwa wa sonona wanaoambiwa leo "una kila kitu, unahuzunikia nini?" wangepata nafuu kama wanaowaambia hivyo wangemsoma mtu huyo aliyeishi zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Wala haikuishia vitabuni. Mwaka 1154 Nuruddin Zengi alianzisha hospitali Damascus. Mwaka 1284 Sultani Qalawun akaanza kujenga yake Cairo, akaiwekea wakfu, ikapokea matajiri na mafukara, wanaume na wanawake, na wagonjwa wa akili wakatengewa sehemu yao. Hospitali ya Arghun ya mwaka 1354 huko Aleppo ilikuwa na vyumba vya wagonjwa hao vikizunguka ua wenye chemchemi, ili sauti ya maji iwatulize. Hayo yote yaligharimiwa na wakfu: maduka, mashamba na mabafu ambayo mapato yake yalikwenda kwa mgonjwa.

Sasa turudi kwetu. Mkoani Tanga, katika milima ya Usambara, ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi. Tanga ni mkoa wa misikiti na vyuo, mkoa uliotoa masheikh wanaojulikana pwani yote. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri, na imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Tunawashukuru kwa wema huo, kwani Waislamu wengi wamelazwa pale. Lakini swali linabaki: wakfu zetu za pwani, kuanzia Tanga hadi Mombasa na Unguja, zimejenga nini kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo? Nyumba za wakfu tunazo. Kodi zake zinakusanywa. Misikiti inawekewa marumaru juu ya marumaru, na kijana anayesikia sauti anafungiwa kwenye banda la uani, nyuma ya msikiti ule ule.

Serikali nazo hazitakwepa lawama. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008. Mirembe ipo Dodoma, Kidongo Chekundu ipo Unguja, na Muhimbili ina idara yake. Kenya ina Mathari jijini Nairobi, na mwaka 2020 jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria na mapendekezo havikosekani. Kinachokosekana ni pesa: Shirika la Afya Duniani limesema kwamba kwa wastani nchi hutenga chini ya asilimia 2 ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili. Mzazi wa Kilwa au Pangani akitaka daktari bingwa wa akili kwa mtoto wake, aanze kwa kutafuta nauli. Fundi wa majini yupo mtaa wa pili. Tusishangae ni nani anayefikiwa kwanza.

Janaza

Lipo jambo ambalo wengi wangetaka tuliruke. Kwa takwimu za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa vijana wa miaka 15 hadi 29. Kila msikiti mkubwa unakumbuka angalau nyumba moja. Kujiua ni haramu na ni katika madhambi makubwa. Hukumu hiyo haibadiliki, na kwa kijana mwenye imani ni ngao pia. Lakini mara nyingine huonekana imamu akikataa kabisa maiti isisaliwe, na familia iliyofiwa ikalazimika kumzika mtoto wake usiku kama mwizi.

Imamu huyo ameisoma nusu ya mlango. Ni kweli imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe hakumsalia mtu wa namna hiyo, na Umar bin Abdul-Aziz na Al-Awzai walichukua msimamo mkali. Lakini jamhuri ya maulamaa, akiwemo Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani hii, wamesema mtu huyo ni Muislamu, huoshwa, huvikwa sanda na kusaliwa. Imamu Ahmad naye alisema kiongozi mkuu ajizuie kwa ajili ya kukemea, na watu wengine wamsalie. Na katika Sahihi Muslim imo habari ya mwenziwe Tufayl bin Amr, aliyehamia naye Madina, akaugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru mpaka akafa, Tufayl alimwona ndotoni akiwa amesamehewa ila mikono yake, na Mtume (s.a.w.) akaiombea mikono hiyo maghufira. Juu ya yote hayo, kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili, na kiasi gani cha akili kilibaki kwa kijana yule usiku ule hakijui imamu wala jirani.

Tunalisema hili kwa ajili ya walio hai. Kijana anayewazia kujidhuru akiwa ameona jinsi msikiti ulivyomfanyia mwenzake hatathubutu kufungua mdomo. Jirani zetu wa Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa jela kinakwenda kinyume cha Katiba. Kifungu kile kilirithiwa kutoka kwa Waingereza, na Tanganyika nayo ilirithi chake. Kijana aliyeokolewa apelekwe kwa tabibu, siyo polisi.

Msikiti ufanye nini

Tumesikia jibu lililozoeleka: sisi si madaktari. Ni kweli, na hatakiwi imamu kuandika dawa. Lakini angalieni yaliyofanyika jirani. Mwaka 2006, huko Mbare jijini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwa na watu wala majengo, akawafundisha akina bibi 14 wa mtaani kuwasikiliza wenye majonzi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulitatua tatizo moja moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo, Benchi la Urafiki, ulifika hata Zanzibar. Kenya nako, mpango uitwao Shamiri uliwatumia vijana waliotoka shule karibuni kuongoza vikao vinne, kimoja kila wiki, kwa wanafunzi wa sekondari 413. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha sonona na wasiwasi vikipungua. Moja ya mambo waliyofundishwa ni kushukuru. Hata hilo tumesubiri tuletewe!

Bibi wenye hekima tunao. Vijana tunao. Vyumba vya madrasa hukaa vitupu asubuhi yote. Kinachotakiwa ni kila jumuiya ya msikiti iteue wanawake wawili na wanaume wawili wenye kuaminika na wenye kuhifadhi siri, iwapeleke hospitali ya wilaya wakafundishwe dalili na namna ya kusikiliza, na iwape chumba. Binti asikilizwe na mwanamke. Kijana akiwa katika hali ya hatari asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nauli na dawa za asiyejiweza zitoke katika zaka, kwani fukara akiugua akili hajaacha kuwa fukara. Asomewe Qur'ani bila malipo na mzazi wake au imamu wake, huku vidonge vyake vikiendelea. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu.

Mwalimu wa madrasa aweke bakora chini. Mwanafunzi anayesahau alichohifadhi jana aulizwe kwanza kama amelala. Wanaofanya biashara ya majini nao wasipewe mimbari, wala kipaza sauti, wala nafasi ya kutangaza namba zao baada ya sala ya Ijumaa.

Ipo namba nyingine ya kutangazwa. Ni 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo Tanzania na pia Kenya, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mtu mzima pia kwa niaba yake. Tunaomba iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ubao wa nyakati za sala, upande wa wanaume na upande wa wanawake, kabla ya Ijumaa ijayo.